Naomba ushauri: upunjaji wa mizani niripoti wapi?

Karani wa Nachingwea: Wakubwa, shikamooni. Ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Mwenzangu wa mizani humpunguzia kila mkulima kilo mbili au tatu kwa gunia, na jioni kilo hizo huandikiwa risiti ya mtu asiye na hata nusu eka. Niende TAKUKURU, kwa watu wa kuzuia rushwa, au nianze kwa afisa ushirika?

Mwana Mikindani: Kabla ya stakabadhi ghalani, yaani mazao kuwekwa ghalani kwa risiti hadi mnada, kuanza huku mwaka 2007, marehemu baba aliuza korosho kwa kangomba, chombo kinajazwa hadi kumwagika kisha mnunuzi anasema hiyo ni kilo moja. Kilichobadilika ni chombo tu.

Bibi wa Mchinga: Mwanangu, jasho la mkulima halina mlaji aliyenenepa. Mche Mungu.

Wakili Mstaafu: Ameuliza pa kuripoti. Piga 113 ya TAKUKURU, hulipii, na Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inakuhusu. Ila umejuaje risiti hizo zina jina la nani?

Karani wa Nachingwea: Ninaziandika mimi. Bahasha ninazopewa nimezihifadhi ziwe ushahidi, isipokuwa kiasi kidogo kilicholipia mahitaji ya shule ya mtoto. Barua ya kuacha kazi iko tayari, kwa hiyo tafadhali msinishauri nibaki.

Mwana Mikindani: Huo ushahidi unasoma darasa la ngapi?

Wakili Mstaafu: Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinambana mpokeaji sawa na mtoaji. Nenda mwenyewe, ueleze yote pamoja na hizo fedha ulizotumia, na uende ukiwa bado kazini, maana ukishaondoka vitabu vya risiti watabaki navyo wao.

Mkazi wa Mtama: Ndugu zangu, mnatungiwa hadithi. Huu ni Juni, na minada ya korosho huanza Oktoba. Mizani hiyo inapima nini?

Karani wa Nachingwea: Korosho mmeitaja ninyi. Huku tunapima ufuta.

Mkazi wa Mtama: Niwie radhi. Mnada lini?

Karani wa Nachingwea: Jumamosi.

Wakili Mstaafu: Basi mwisho wako ni Ijumaa. Magunia yakiwa bado ghalani yanaweza kupimwa upya na kulinganishwa na risiti. Yakishauzwa, utabaki na maneno yako.

Karani wa Nachingwea: Ijumaa nasafiri kwenda Dar es Salaam. Tiketi nimekwisha kuikata.