Njia ya zamani ya kuteremkia mtoni imezibwa: ni haki yetu au ilikuwa hisani?

Mwana wa Matuta:
Hamjambo wanajukwaa. Kijijini kwetu Murang'a kuna njia ya miguu inayotoka barabara ya juu, ikateremka katikati ya mashamba hadi mtoni, kisha ikapanda ng'ambo kuelekea shule ya msingi na sokoni. Wazee wanasema ilikuwapo kabla ya mashamba kuunganishwa na kupimwa upya miaka ya 1950. Sasa shamba moja limeuzwa, na mwenyewe mpya amezungusha seng'enge na kupanda ua wa kayaba, hivyo watoto wanalazimika kuzunguka kwa barabara ya magari. Tukimwendea anatuonyesha hatimiliki na kusema haina njia yoyote. Je, hati hiyo inamaliza mambo? Na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua: chifu, msajili wa ardhi au mahakama?

Mpima Ardhi:
Ndugu yangu, msibishane juu ya hatimiliki, kwa kuwa karatasi ile hutaja namba ya shamba, ukubwa wake na mwenyewe, wala haichori njia. Nendeni ofisi ya upimaji mkanunue nakala ya ramani ya usajili ya eneo lenu. Mkiona njia imechorwa kwa mistari miwili inayotenganisha namba za mashamba, basi ukanda huo haukuwa sehemu ya shamba lililouzwa, na jambo lenu si haki ya kupita tena bali ni uvamizi wa ardhi ya umma. Ulizeni pia fomu za mgawanyo iwapo shamba liliwahi kukatwa vipande, kwa sababu huko ndiko njia hupotelea.

Chifu anaweza kuwapatanisha, lakini hana uwezo wa kuamua. Ramani za huko kwenu kwa kawaida zinaonyesha mipaka ya jumla tu, yaani ya kukadiria, si mstari kamili, na kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa na msajili kwa utaratibu wa sheria hiyo. Kwa hiyo anzeni kwa msajili.

Wakili wa Mashinani:
Naongezea kwa upande wa sheria, maana hata ramani ikiwa kimya hamjashindwa. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba haki ya njia iliyokuwapo wakati wa usajili wa kwanza humfunga mwenye ardhi hata kama haikuandikwa kwenye rejista, na sheria iliyotangulia, ya 1963, ilikuwa na kanuni kama hiyo katika kifungu cha 30. Mnunuzi hawezi kujikinga kwa kusema hakuiona kwenye hati, mradi ninyi muithibitishe.

Aidha, Sheria ya Ukomo wa Madai, kifungu cha 32, inatambua njia iliyotumiwa kwa miaka 20 kwa amani, hadharani, bila kukatizwa, na kama mtu mwenye haki. Hayo maneno ya mwisho, yaani kupita bila kutegemea ruhusa ya mtu, ndiyo yatakayowatoa jasho. Jirani aliyenyamaza mkipita hakuwapa ruhusa, na hilo linawafaa. Lakini ikiwa wazazi wenu walimwomba naye akakubali, atasema mlipita kwa hisani yake, na hisani huondolewa. Waandikisheni wazee viapo mapema, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alipita akienda wapi, amebeba nini, tangu lini, na kama yupo aliyewahi kufunga njia. Tambueni pia kwamba haki ya namna hii hufuata shamba la anayeidai. Mtoto wa shule anayetoka mbali hanufaiki nayo, na ndiyo maana ni muhimu kujua kama mnadai haki ya mashamba yenu au njia ya umma.

Mwana wa Matuta:
Nawashukuru sana. Nimeiona ramani. Mistari miwili inashuka toka barabarani hadi ukingo wa shamba hilo, inakatika, kisha inaendelea ng'ambo ya mto.

Mpima Ardhi:
Hilo pengo ni la kufuatiliwa kwa bidii. Ombeni toleo la kwanza la ramani na fomu ya mgawanyo wa shamba hilo, mlinganishe na ramani ya nchi ya kipimo cha 1:50,000. Hiyo ya mwisho itaonyesha tu kwamba njia ilikuwapo; nani alikuwa na haki ya kuipita ni swali jingine.

Wakili wa Mashinani:
Yote yakishindikana, kifungu cha 145 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaruhusu kundi la watu kuiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi njia ya jamii, na mwenye shamba hulipwa fidia. Nawasihi msianzie hapo, kwa kuwa kuomba njia mpya kunaweza kumpa mwenye shamba hoja kwamba mmekiri ile ya zamani haikuwa yenu.