Haja kubwa porini: tuchimbe shimo au tubebe kinyesi?

Mwanakambi

Salaam, ndugu zangu. Tunajiandaa watu wanane kupiga kambi kwa siku tatu kando ya kijito, mahali pasipo na choo chochote. Mwenzetu mmoja anasema hakuna haja ya kujisumbua, kwani hata wanyama hujisaidia popote na pori halidhuriki. Mwingine anataka tuchimbe shimo moja la wote, lenye kina cha mita moja. Mimi naogopea kijito, maana maji yake ndiyo tutakayokunywa sisi na watakaokuja baada yetu. Naomba mwenye uzoefu atueleze kina kinachofaa, umbali kutoka kwenye maji, na karatasi za chooni tuzifanyeje.

Mpanda Milima

Ndugu Mwanakambi, hofu yako ina msingi. Hoja ya wanyama haina nguvu, kwa sababu kinyesi cha binadamu hubeba virusi na vimelea vinavyowadhuru binadamu wenzake, na mvua ikivikokota hadi kijitoni, anayechota maji huko chini ndiye atakayeharisha. Vimelea vya giadia huweza kuishi katika maji baridi kwa wiki nyingi, na vimelea kumi tu vinaweza kutosha kumwambukiza mtu.

Jitengeni angalau mita 60 na maji, njia na mahema, yaani kama hatua 70 hadi 80 za mtu mzima. Epukeni pia makorongo makavu, kwani mvua ikinyesha hugeuka mikondo ya maji.

Shimo la mita moja silikubali hata kidogo. Bakteria, kuvu na wadudu wanaoozesha uchafu huishi katika tabaka la juu lenye mboji na hewa. Ukilipita tabaka hilo, kinyesi hukaa muda mrefu bila kuoza, tena kikiwa kimesogezwa karibu na maji ya ardhini. Kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha. Kabla ya kuchimba, chota udongo kiganjani: ukiwa mweusi, umelegea na una vijizizi vyembamba, hapo ndipo. Ukishamaliza, rudishia udongo kidogo, uukoroge pamoja na kinyesi kwa kijiti ili vigusane vizuri, ukiache kijiti humo humo, kisha ufukie na kutandaza majani makavu juu yake.

Mama Kambi

Naongezea kuhusu wingi wenu. Watu wanane ni afadhali kila mmoja achimbe shimo lake, mbali na ya wenzake, kwa sababu kinyesi kingi kikirundikwa mahali pamoja huchelewa kuoza. Mkiwa na watoto wadogo au mtu asiyeweza kwenda mbali, chimbeni mtaro wenye kina kilekile, mfukie kila baada ya matumizi na kuurefusha kadiri mnavyoendelea.

Karatasi msizichome, tafadhali. Kuna mioto ya nyika iliyoanzia hapo hapo. Zitieni katika mfuko usioonyesha kilichomo, nao ndani ya mfuko wa pili, mrudi nazo. Pedi, nepi na vitambaa vyenye unyevu visizikwe kamwe, kwani vingi vina nyuzi za plastiki. Anayetawaza kwa maji amepunguza tatizo hili, mradi achukue maji kwenye chombo na kutawazia juu ya shimo lake, si kijitoni.

Mwanakambi

Nashukuruni sana. Siku ya pili tutapanda juu kwenye mawe matupu, ambako hakuna udongo wa kuchimba. Huko itakuwaje?

Mlinzi wa Vijito

Huko bebeni. Kinyesi kilichosukumwa chini ya jiwe hakifukiwi na chochote, na kilichozikwa kwenye theluji huibuka kama kilivyokuwa inapoyeyuka. Ipo mifuko maalumu yenye unga unaogandisha majimaji; mkiikosa, tumieni mifuko miwili imara ndani ya kopo gumu lenye mfuniko wa kuzungusha. Mkirudi, msiitumbukize mifuko hiyo katika choo cha shimo, kwa sababu plastiki hujaza shimo na kukwamisha kazi ya kulinyonya.

Mkojo hauna hatari kubwa, ila chumvi yake huwavutia wanyama wanaotafuna mimea na kufukua ardhi, kwa hiyo kojoleeni mawe au ardhi tupu.

Lililo muhimu kuliko yote ni mikono. Dawa ya kutakasa yenye alkoholi haifui dafu mbele ya baadhi ya virusi vya kuharisha, hivyo nawieni sabuni na maji, tena mbali na kijito. Sisi huweka koleo dogo, sabuni na chupa ya maji katika mfuko mmoja unaotundikwa pembeni mwa kambi: mfuko huo usipokuwepo, kila mtu anajua kuna mwenzake aliyekwenda haja, na anayerudi hapiti jikoni kabla ya kunawa.