Naomba ushauri: mwaka wa kuzaliwa bibi haujulikani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Bibi mzaa baba, wa Kongwa, alitutoka mwaka jana. Mwezi ujao tunajengea kaburi na kusoma wasifu wake, na mimi mjukuu ndiye niliyepewa kazi ya kuuandika.

Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1940, tarehe ya kukadiria tu. Mwenyewe alisimulia kwamba Waingereza walipoleta matrekta ya mpango wa karanga, yaani 1947, alikuwa ameshavunja ungo na anatwanga uwele wa nyumba nzima. Tena baba mkubwa, kifungua mimba wake, alizaliwa 1952! Kanisani nimeuliza, kitabu cha ubatizo cha miaka hiyo hakipo. Shangazi zangu wanataka mwaka wa kitambulisho uchongwe kwenye marumaru ili kusiwe na maneno. Mimi naona tutakuwa tumemzalisha bibi akiwa na miaka 12.

Je, tuandike "takriban 1932" au tuache kabisa mwaka wa kuzaliwa? Na mbali na kanisa, wapi pengine naweza kupata kumbukumbu za miaka hiyo?