Naomba ushauri: beseni la kufundishia baridi ya Ulaya

Wakuu, shikamooni. Nafundisha jiografia hapa Tabora. Nimeeleza kwamba mgandamizo wa hewa ukiwa mdogo sana karibu na Iceland na mkubwa kwenye visiwa vya Azores (baharini Atlantiki, magharibi mwa Ureno), pepo za magharibi hupata nguvu na kupeleka uvuguvugu kaskazini mwa Ulaya. Tofauti hiyo ikififia, baridi ya ncha ya kaskazini hushuka hadi Ulaya, kama majira ya baridi ya 2009/2010. Hapo wameelewa.

Kazi iko kwenye mawimbi ya hewa yanayogeuza hali hiyo ndani ya wiki chache. Ili kuyaonyesha, nilizungusha beseni la maji, barafu katikati kama ncha ya dunia, nikadondosha rangi. Ikawa uji mtupu, darasa likacheka (na mimi pia). Je, nipunguze mwendo, au ukingoni niweke maji ya moto? Aliyewahi kufanikiwa anielekeze.