Premio, Sylphy au Axela: ipi itahimili miaka minane hapa Mombasa?

MkaziWaBamburi
Asalaam aleikum wanajamvi. Pesa iko tayari, nataka kununua gari ya familia kabla mwezi haujaisha. Nimebaki na tatu: Premio, Sylphy na Axela, ile yenye buti. Mbio sina haja nazo. Nataka gari nikae nayo mpaka kifungua mimba wangu amalize sekondari, na sasa hivi yuko darasa la nne. Mlio nazo miaka mingi, nipeni ukweli wenu. Ipi haisumbui?

DerevaWaMtwapa
Wa aleikum salaam. Ndugu, hilo swali halijibiki lilivyo. Una kiasi gani? Za mwaka gani? Injini gani? Waitoa bandarini au wanunua kwa mtu? Kila siku wapita njia gani? Mtu akikuambia "chukua Premio" bila kujua hayo, anakutajia jina tu.

MamaWaWatatu
Na mwapanda wangapi? Mimi huanzia hapo. Watu watatu nyuma pamoja na mzee mwenye magoti mabovu, hiyo ni habari nyingine kabisa.

AxelaTuu
Axela, usizunguke. Yangu ni ya 2014, nakwenda nayo mwaka wa sita. Giaboksi yake ni ya gia sita za kawaida, si ya mkanda. Inashika barabara vizuri, mafuta haili. Premio ni gari nzuri lakini unalipia jina.

PremioDaima
Analipia spea. Usiku wa manane Mwembe Tayari spea ya Premio utaipata. Ya Axela utaagizia Nairobi, usubiri basi la asubuhi.

MkaziWaBamburi
Samahani, nilikuwa na haraka. Nina 1,150,000, na nanunua kwa mtu. Premio ni ya 2011, injini ya 1500, mita inasoma kilomita 98,000, namba inaanza na KC. Sylphy ni ya 2011 pia, injini sikuuliza. Axela ni ya 2014, 1500. Nakaa Bamburi, kazi Changamwe, na kila Ijumaa naenda Ukunda kwa mamangu. Mimi, mke, watoto watatu, na mara nyingi nikirudi mama yumo.

Fundi_Majengo
Afadhali sasa. Nianze na hizo 98,000. Sheria ya Kenya hairuhusu gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza kuingia nchini, kwa hiyo gari ya 2011 ilishuka hapa mwisho kabisa 2018, ukihesabu na 2011 wenyewe. Hesabu miaka ya Japani, ongeza ya kwetu, halafu uamini 98,000 ukitaka. Mita hurudishwa nyuma. Mimi mita siisomi, natazama mpira wa pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, na ngozi ya usukani pale mkono unaposhika. Pedali ikiwa laini haina hata mstari na mita yasema 98,000, moja wapo yadanganya.

La pili, Sylphy. Usiende kuitazama kabla ya kujua injini. Ya 1500 ina giaboksi ya kawaida ya gia nne. Ya 2000 ina CVT, ile ya mkanda. Nje ni gari moja, lakini kwa fundi ni magari mawili tofauti.

PremioDaima
Ndiyo maana nasema Premio. Haina hayo mambo ya CVT.

Fundi_Majengo
Hapana, ndugu yangu. Unasema ile ya zamani, umbo la 2001 hadi 2007. Ile ya 1500 ndiyo ilikuwa na gia nne. Umbo lililoanza 2007, pamoja na hiyo ya 2011 anayoiuliza, lina CVT. Allion ni hivyo hivyo, ni pacha wake.

PremioDaima
Yangu ni ya 2005, nayo ina gia nne. Mwaka wa kumi na moja huu, injini haijafunguliwa. Cheni haijaguswa.

Fundi_Majengo
Sikukatalii. Injini hiyo ya 1NZ nimeipokea mara nyingi na huwa sina la kuifanya ila kumwaga oili. Lakini yeye hanunui yako.

MamaWaWatatu
Kuhusu CVT ngoja nieleze yaliyonipata, maana naona watu wanaiogopa au kuitetea bila kujua kinachoiua.

Nina Sylphy yenye injini ya 2000. Nilinunua 2017, miaka mitatu sikujua hata sura ya fundi zaidi ya sevisi. Mwaka wa nne nikaipeleka gereji moja, jina naliacha. Kijana akaniambia oili ya giaboksi imekuwa nyeusi, tuibadilishe. Nikasema badilisha. Akatia oili nyekundu, ile ya giaboksi za kawaida. Mimi sikujua kama CVT ina oili yake. Nililipa, nikashukuru, nikaenda zangu.

Kama wiki tatu baadaye tukapata msiba Voi. Tuliondoka alfajiri, mimi, mamangu na watoto. Mpaka Miritini gari ilikuwa salama. Tulipoanza kupanda Mazeras, nakanyaga mafuta, injini yanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, na gari haiongezi mwendo. Nyuma yangu lori la kontena linanipigia honi. Mwanangu wa pili akaniuliza, "Mama, mbona gari yalia?" Nikaitia pembeni, ikasimama ikitoa harufu kama ya kitambaa kilichoungua kwa pasi. Maziko hatukuwahi. Mamangu alikaa juu ya jiwe mpaka jua likamchoma, akingoja gari ya kuvuta.

Fundi aliyefungua sampo ya giaboksi aliniita nije nione. Ndani mna sumaku ndogo za kukamata uchafu. Zote zilikuwa zimevaa unga wa chuma, mweusi kama wanja. Akaupaka kwenye kidole gumba, akanionyesha unavyong'aa. Akaniambia huo ndio mkanda wangu na puli zake. Giaboksi ya mtumba kutoka Japani 85,000, kazi na oili inayostahili 22,000.

Gari ninayo mpaka leo. Oili naibadilisha kila kilomita 40,000, naisoma mwenyewe kopo kabla halijafunguliwa. Sasa mniambie, ubovu ulikuwa wa Sylphy?

DerevaWaMtwapa
Pole sana dada. Haukuwa wa gari. Na Premio ya 2011 ukiitia hiyo nyekundu itakufa vivyo hivyo, nayo CVT yake ina oili yake.

AxelaTuu
Haya yote Axela haina.

MjukuuWaKilindini
Axela ina yake. Ni ya chini. Huyu ndugu avuka kila Ijumaa kwenda Ukunda, na akirudi huwa na watu sita ndani, maana nimewahesabu: yeye, mke, watatu na mama. Kwanza gari zote tatu ni za watu watano, hilo hamjamwambia. Pili, wakati wa bamvua maji yakitoka, ile njia ya kushukia feri inakuwa mwinuko mkali. Nimeona bampa zikilambwa pale kila mwezi.

AxelaTuu
Yangu imekwaruza mara mbili, sitakataa. Lakini nani bado anapanga foleni Likoni wakati barabara ya Dongo Kundu iko wazi?

MjukuuWaKilindini
Anayekaa kisiwani anapanga. Utoke Mji wa Kale uzunguke mpaka Miritini ili ufike Likoni?

DerevaWaMtwapa
Yeye hakai kisiwani. Ijumaa anatoka kazini Changamwe, Dongo Kundu iko mlangoni pake. Akirudi Bamburi Jumapili jioni na malori ya Miritini ndipo atakapojuta.

MjukuuWaKilindini
Ndiyo maana nasema feri. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi unavuka bila foleni.

Fundi_Majengo
Jamani, turudi kwenye gari. Mnabishana injini na giaboksi, na mji huu hauui magari kwa hizo kwanza. Unayaua kwa chumvi. Gari ninazozikataa nikimpeleka mteja, nyingi injini yake ni nzima. Nalala chini na bisibisi, nagonga chesisi nyuma ya gurudumu, bisibisi inaingia. Bomba za breki zimeota kutu ya maganda. Hapo bei yoyote ni ghali.

Na chumvi si ya upepo peke yake. Watu wanaoshea gari maji ya kisima. Onja maji ya visima vya pwani hii, mengi yana chumvi. Unaipiga kwa pampu chini ya gari kila wiki, unaingiza chumvi mahali upepo wa bahari usingefika. Wengine wanayatia hata kwenye radieta. Nimefungua pampu ya maji ya Premio, mapezi yake yameliwa yakabaki vijiti.

PremioDaima
Na themostati, kile kidude cha kudhibiti joto la injini? Mimi niliitoa yangu tangu 2016, joto la hapa haliihitaji. Haijachemsha hata siku moja.

Fundi_Majengo
Irudishe, nakuomba. Injini isipofikia joto lake inakula mafuta zaidi na oili inachakaa mapema. Gari ikichemsha tafuta sababu: feni, radieta, kifuniko. Themostati si adui.

PremioDaima
Miaka karibu kumi, fundi.

Fundi_Majengo
Najua. Lakini irudishe.

MamaWaWatatu
MkaziWaBamburi, umesikia habari ya viti? Watu sita ndani ya Premio, polisi wa Kibarani watakuona kila wiki. Hujafikiria Wish, ile ya watu saba?

MkaziWaBamburi
Nimesikia. Mama harudi nasi kila wiki, na mdogo hupakatwa, ingawa najua si sawa. Wish mke wangu haitaki, tumeshazungumza hilo hadi usiku.

Sylphy nimeuliza, injini ni ya 2000. Nimeiweka kando kwanza. Premio nimempigia mwenyewe sasa hivi, nikamuuliza gari inaoshewa wapi. Amesema nyumbani kwake, kila Ijumaa, hajawahi kuipeleka kwa watu. Maji ya kisima.

Fundi_Majengo
Kisima cha wapi?

MkaziWaBamburi
Shanzu. Nyumba ya pili kutoka ufuoni.

Fundi_Majengo
Usitoe hata shilingi ya kuizuia. Jumamosi saa mbili nipitie Majengo, twende pamoja. Njoo na tochi, jeki ninayo.