Mrejesho: kuona haya L1 (mwaka wa kwanza wa chuo kikuu) hapa Lubumbashi

Niliwauliza mwenye haya aanzie wapi L1, oditwari (ukumbi wa masomo) ikijaa mpaka watu wanasimama. Aksanti sana, kaka na dada zangu. Ushauri wenu wa kukaa safu ya pili, kiti kilekile kila siku, umefanya kazi: majirani wanaanza kusalimia wenyewe. Swali naliandika kwa Kifaransa pembeni ya daftari, sentensi moja tu, nampelekea asistanti (msaidizi wa profesa) mwisho wa TP, yaani mazoezi ya vitendo, maana profesa huwa anakimbilia somo lingine. Kikundi cha kusoma kisizidi watu wanne, la sivyo mwenye haya ananyamaza tena. Kusema mbele ya oditwari nzima bado, sauti inakauka. Namba ya simu ya shefu wa promosheni (kiongozi wa wanafunzi wa mwaka wenu) ichukueni mapema: ratiba ikibadilika, yeye ndiye anajua wa kwanza.