Land Rover Series III, injini 2.25: nichonge kranki yangu au nihamie bloku ya beringi 5?

Mzee_Tororo: Habari zenu wakuu. Hii Land Rover ya 1978 aliniachia marehemu baba, petroli, cc 2,286. Fundi ameifumua, kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imekwaruzika shingo (sehemu inayozunguka ndani ya beringi) ya silinda ya tatu mpaka ukucha unanasa. Naweza kuichonga, kutafuta nyingine ya beringi 3 pale Kisekka, soko la vipuri Kampala, au kuchukua nusu injini ya beringi 5 (bloku na kranki yake) nifunge hedi yangu, kifuniko cha silinda, juu. Hela si nyingi, lakini gari hili siliuzi.

Fundi_Katwe: Pole mzee. Kwanza geuza zile beringi za zamani, soma mgongoni. Zikiwa hazina namba ya kupunguza saizi, kranki haijawahi kuchongwa. 010 maana yake imepungua sehemu kumi za elfu za inchi, kama milimita 0.25. 020 ni mara mbili ya hapo. Ukishajua hilo ndipo tuzungumze bei. Hiyo kranki ya Kisekka usiilipie kabla ya kuipima kwa maikromita, shingo moja baada ya nyingine, maana zinapakwa oili zikang'aa na duara limekwisha kuwa yai.

Dada_Mbale: Nikuombe kitu kimoja mzee, usichanganye kofia za beringi kuu, vile vipande vinavyoibana kranki kwenye bloku. Mimi niliambiwa na karakana moja kuwa zote ni sawa, wakanifungia za bloku nyingine. Bolti zilipokazwa, kranki haikuzunguka kwa mkono. Wakalegeza kidogo, wakaniambia itajizoeza. Wiki tatu tu, ikaanza kugonga. Kofia huchongwa zikiwa zimefungwa kwenye bloku yake, kwa hiyo ya jirani haiwezi kukaa katikati hata kama bolti zinaingia vizuri. Nililia kwa ile injini.

Arua_4x4: Mimi ningekwenda beringi 5. Zilianza 1980, na kranki inashikwa sehemu tano badala ya tatu, haipindi ovyo ukipanda mlima na mzigo. Kipenyo cha silinda ni kilekile milimita 90.47 na mwendo wa pistoni ni 88.9, hedi yako itakaa. Ila chukua bloku, kranki na kofia vikiwa pamoja. Kranki hiyo haiingii kwenye bloku yako. Tena angalia usiuziwe kranki ya injini ya lita 2.5. Mwendo wake ni 97, pistoni zako zitapanda milimita 4 zaidi.

Fundi_Katwe: Kweli. Na pitisha ukucha juu ya kila silinda. Ukikuta ngazi, hesabu pia gharama ya kuchonga silinda na pistoni mpya.

Mzee_Tororo: Nimegeuza beringi, zote 020. Kwa hiyo ilishachongwa, sijui lini. Jumamosi nashuka Kampala na fundi wangu na maikromita yake, tukaone hiyo ya beringi 5. Dada Mbale, asante sana. Kofia zangu nimezirudisha kwenye bloku yake nikazikaza, namba kwa namba, hata kama sitaitumia tena.